Kompyuta ya Utafiti Huanzia Zahanati: Somo la Kupanga Mitambo ya Uchambuzi wa Data za Afya

Mwaka 1952 na 1953, homa isiyojulikana iliwakumba wakazi wa Uwanda wa Makonde, Newala, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mtwara. Viungo viliuma hata mgonjwa akatembea amejikunja. Wenyeji waliita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde lenye maana hiyo ya kujikunja, na neno hilo, chikungunya, sasa linatumika duniani kote. Kirusi chenyewe, hata hivyo, kilitambuliwa katika maabara ya Entebbe, Uganda, baada ya sampuli kusafirishwa huko.

Maabara ya leo haiishii kwenye hadubini. Kifaa cha kusoma vinasaba hutoa data nyingi ambazo hakuna daktari awezaye kuzisoma kwa macho. Sharti zichambuliwe na kompyuta. Chuo kikuu cha tiba kisicho na kompyuta za kutosha hulazimika kupeleka data za wagonjwa wake mbali, kama sampuli za Newala zilivyopelekwa. Somo hili linaeleza jinsi mitambo hiyo inavyopangwa, na kwa nini mhudumu wa afya wa Ziwani na mgonjwa wake wana sehemu katika mpango huo.

1. Tuanze na swali, si na mashine

Kosa la kwanza katika mipango mingi ni kuuliza, “Tununue kompyuta gani?” kabla ya kuuliza, “Tunataka kujua nini?” Jenomu ya kirusi cha chikungunya ina herufi zipatazo 12,000. Kompyuta mpakato nzuri huweza kuichambua. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na ili kuepuka makosa kila herufi husomwa wastani wa mara 30. Data ya mtu mmoja hufikia takriban gigabaiti 100. Ya wagonjwa 1,000 hufikia terabaiti 100. Hapo ndipo zinapohitajika seva nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja.

Mfano ni selimundu. Wapo wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara, na wapo wanaoishi kwa nafuu ingawa ugonjwa ni uleule. Sababu mojawapo ni kiasi cha himoglobini ya utotoni inayobaki katika damu, na kiasi hicho hutegemea vinasaba. Muhimbili ilianza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu wa utafiti mwaka 2004, na damu yao imesaidia kuvitafuta vinasaba hivyo. Swali la namna hii hudai kompyuta kubwa. Takwimu za kila mwezi za malaria hazidai hivyo.

2. Umeme na ubaridi

Kompyuta kubwa hula umeme usiku na mchana, na umeme huo hugeuka joto ambalo sharti liondolewe. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani kilistaafisha kompyuta yake kubwa iliyoitwa Ranger, na sehemu za mtambo huo zikapelekwa Afrika Kusini ili zigawiwe vyuo vya Afrika. Ulikuwa msaada wa maana. Lakini mashine ya bure haiji na umeme wa bure, wala viyoyozi, wala vipuri. Mpango wa kweli huandika gharama za miaka mitano, si bei ya siku ya kununua.

Katika pwani yetu lipo jambo la ziada: hewa ya chumvi na unyevu hula vifaa. Mtwara huzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, lakini kuwa na gesi jirani hakuondoi haja ya betri na jenereta. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha hivyo.

3. Njia ya data

Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, kutuma jenomu ya mtu mmoja huchukua saa zipatazo 22. Jenomu za watu 1,000 zingechukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Kwa hiyo kasi ya mtandao hupangwa pamoja na kompyuta, si baada yake.

Wapo wanaosema tukodi kompyuta za mbali, zile zinazoitwa huduma za wingu. Kwa kazi ya msimu, ushauri huo ni mzuri. Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikonga miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Chuo kilichoweka kila kitu mbali hukosa hata data zake chenyewe siku kama hiyo. Njia ya busara ni kuchanganya: data muhimu na kazi za kila siku zibaki nyumbani, kazi kubwa za muda zikodishiwe nafasi.

4. Watu

Seva isiyo na fundi ni kabati la chuma. Bajeti lazima iwe na mishahara ya wasimamizi wa mitambo na wachambuzi wa data, na nafasi za kuwafundisha vijana. Wakiajiriwa kwa fedha za mradi pekee, mradi ukiisha huondoka, na ujuzi huondoka nao.

5. Siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina litenganishwe na data, kila anayezifungua ajulikane, na nakala ya akiba ihifadhiwe mahali pengine. Vinasaba havimhusu mgonjwa peke yake. Vinawagusa pia wazazi na watoto wake.

Sehemu yako

Ndugu mhudumu, hakuna kompyuta inayoweza kurekebisha umri uliokisiwa au lebo iliyobandikwa kwenye chupa ya mtu mwingine. Itachambua kosa hilo kwa kasi kubwa na kutoa jibu lisilo sahihi. Kitabu cha MTUHA kikijazwa sawasawa huko Ziwani, msingi wa utafiti umewekwa.

Ndugu mgonjwa, ukiombwa damu kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuuliza:

- Mnataka kujua nini kutokana na damu yangu?
- Data zangu zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona?
- Je, zitapelekwa nje ya nchi?
- Nikibadili nia, nifanyeje?
- Majibu yatarudi kwetu lini na kwa njia gani?

Kukataa hakukunyimi matibabu.

Swali la mwisho ndilo kipimo cha mpango wote. Watu wa Newala walitoa damu yao miaka zaidi ya 70 iliyopita, na dunia ikajifunza. Tukipanga mitambo hii vema, damu inayotolewa leo Ziwani itachambuliwa nchini, na jibu litamrudia mhudumu aliyeichukua akiwa bado anamkumbuka mgonjwa.