Kabla ya kusuluhisha koo zinazouana

Ukiombwa kupatanisha koo mbili zinazolipizana kisasi, kwanza tafuta mtu wa upande wa pili atakayefuatana nawe. Kisha mwulizane swali ambalo Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, waliulizana mwanzoni mwa miaka ya 1990: watu wa ukoo wangu wakiwaua ndugu zako, bado utafanya kazi hii nami? Anayeshindwa kuitika asiingie. Msuluhishi naye ana wajomba na binamu, na damu ikianza kumwagika haichagui, kwa hiyo jibu lipatikane mapema, kabla maiti haijaletwa nyumbani.

Msikimbilie kuitisha kikao cha wazee. Kule Wajir akina mama walianzia sokoni, kwa kuwa uhasama ulikuwa umefika mahali mwanamke wa ukoo mmoja anakataliwa kununua au kuuza kwa wa ukoo mwingine. Wakasimamia soko liwe wazi kwa wote, na wakateua wenzao wa kufuatilia kila kisa cha mtu kubaguliwa. Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote: wanaouziana maziwa kila asubuhi hupata habari za wagonjwa na watoto wa upande wa pili, na uvumi hukosa pa kushika. Kwenu huenda ni kisima au mnada wa ng'ombe.

Wazee wakiwa tayari kukaa, mazungumzo yaongozwe na mzee wa ukoo mdogo, ambaye hakuna anayemhofia. Watakayokubaliana yaandikwe: mifugo irudishwe lini, dia ya waliouawa ilipwe na nani, na risasi ikilia usiku aitwe nani. Baada ya koo za Wajir kufikia makubaliano ya amani ya Al Fatah mwaka 1993, watu wa huko walikuwa na kikosi cha wazee, viongozi wa dini, akina mama na polisi cha kuwahi kwenye tukio. Polisi wawemo, sulhu isiwe maficho ya muuaji.

Na siku atakayeuawa ni wa kwenu, mwachie mwenzako wa upande wa pili aongoze vikao. Wewe nenda ukazike, ukae na wafiwa, na mchango wa kununulia risasi ukipitishwa, ukatae waziwazi mbele ya jamaa zako wote.