Mafuta ya sufuria yanavyoziba bomba na kuleta maradhi

Ukitaka kujua jinsi wapangaji wa ploti moja wanavyopendana, ngoja bomba la maji machafu lizibe. Huyu atadai ni nepi za mtoto wa jirani, yule atasema ni nywele za wasichana wa chumba cha mwisho. Huku wakizozana, maji ya uvundo yanatambaa uani na watoto wanachezea hapo hapo.

Katika ploti moja niliyowahi kukaa, fundi aliyefungua bomba hakutoa nepi wala nywele. Alitoa pande la mafuta, jeupe na gumu kama mshumaa, lenye punje za mchele na majani ya chai ndani yake. Sote tulinyamaza, kwani hakuna aliyeweza kusema yeye hapiki.

Mafuta mengi ya kupikia tunayonunua madukani ni yale yanayoganda. Unapoosha sufuria iliyokaangiwa, mafuta hupita kwenye sinki bila shida, lakini hatua chache mbele, mahali bomba limefukiwa ardhini na kuna baridi, huanza kushika ukutani mwa bomba. Kesho yatanasa ukoko wa ugali, keshokutwa mchanga wa sukumawiki. Njia huwa nyembamba siku baada ya siku, nawe huna habari mpaka asubuhi maji yanapokataa kushuka.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kumwaga maji moto. Maji hayo huyasukuma mafuta mbali zaidi, yakaenda kuganda mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi. Tena maji yanayochemka yanaweza kulegeza mabomba ya plastiki.

Kazi yenyewe, basi, ni kabla ya kuosha. Acha sufuria ipoe, kwangua mafuta kwa kijiko, kisha pangusa kwa karatasi. Gazeti la jana lafaa sana, mradi umekwisha kulisoma. Karatasi hiyo itie kwenye taka, wala si chooni, kwa sababu gazeti halilainiki majini upesi. Pamba, sodo na nepi pia zisitupwe chooni. Supu ya matumbo iliyobaki ikipoa, engua ule utando wa juu uutupe pamoja na taka. Kama sinki lako halina kichujio, kata kipande cha wavu wa dirishani ufunike tundu, kisha ukikung'ute kila baada ya kuosha vyombo. Na akina mama wanaosugua sufuria kwa mchanga au jivu, suuzeni kwanza ndani ya karai. Mchanga ukituama, mwageni maji na kuuacha chini. Bafuni, adui ni nywele, nazo huokotwa kwa mkono kabla hazijateremka.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yana uhusiano gani na ukurasa wa afya. Mitaa yetu mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Maji yanapokatika, bomba la maji safi lenye ufa linaweza kufyonza uchafu ulioenea kando yake, na yakirudi humfikia mtu jikoni yakiwa na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, wengi wetu tulijionea jinsi maji machafu yanavyochanganyika na ya kunywa, na jinsi kipindupindu kinavyofuata. Ikiwa mtaro wenu umefurika, chemsheni maji ya kunywa hata kama yanaonekana meupe.

Halafu kuna mbu. Yule wa malaria kwa kawaida hupendelea maji safi zaidi, lakini yuko mwenzake, kuleksi, anayestawi katika maji machafu yaliyotuama. Penye joto, yai lake huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Huku Pwani, mbu huyu ni miongoni mwa wanaoeneza minyoo ya matende, ugonjwa unaovimbisha miguu na kuwaletea wanaume mabusha. Mtaro uliosahauliwa wiki mbili ni mwingi wa kutosha kwake.

Sinki likiziba hata hivyo, anza na kile kikombe cha mpira chenye mpini. Weka maji yakifunike, ziba tundu la pembeni kwa kitambaa kilicholowa, kisha sukuma na kuvuta mara nyingi. Ikishindikana, kinga ndoo chini ya lile bomba lililopinda na ulifungue. Vaa glavu, au mifuko mikononi, na unawe kwa sabuni ukimaliza.

Kostiki soda itumie kwa hofu. Huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Usiitie kamwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto hujua chupa hiyo ni ya kitu kitamu. Akiimeza, usimtapishe, kwa kuwa itamuunguza koo mara ya pili. Msukutue kinywa kwa maji na umkimbize hospitalini, ukibeba na chombo chenyewe. Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu.

Na ikiwa kilichoziba ni shimo kubwa la maji machafu la ploti, mtu asiteremke humo, hata kijana mwenye nguvu aliyeahidiwa pesa. Hewa ya mle huweza kumwangusha mtu kwa dakika chache, na anayeteremka kumwokoa huanguka juu yake. Mwenye ploti aite wenye gari la kunyonya.