SOMO LA UFUNDI: KUGAWA PICHA MOJA KWA TELEVISHENI MBILI KANISANI

Makanisa kadhaa hapa Nakivale yametuuliza tulifanyaje hata akina mama wenye watoto, wanaokaa katika kibanda cha turubai kilicho ubavuni mwa kanisa letu, nao wanaona maneno ya nyimbo yanayoonyeshwa mbele. Tunajibu kwa furaha, lakini tutaanza na kosa letu, maana lilikula sadaka ya watu.

Hali yetu mnaijua. Ni wachache sana waliovuka mpaka na kitabu cha nyimbo mkononi. Ndiyo maana, tangu kompyuta ipatikane, tunaandika nyimbo na mistari ya Biblia kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na televisheni moja ya inchi 32 imewekwa karibu na mimbari. Walio ndani wanasoma. Walio kibandani walikuwa wakipata sauti tu, na bibi zetu wawili wasiosikia vizuri, ambao hukaa huko na wajukuu, hawakuipata hata hiyo sauti. Ndipo kamati ikaamua kununua televisheni ya pili kwa sadaka ya mahindi na maharage iliyochangwa msimu mzima, na hiyo ni wakati mgao wa chakula umepungua katika nyumba nyingi.

Televisheni ilifika salama. Tulikosea kwenye waya. Katika duka moja huko Mbarara tulionyeshwa waya wa HDMI wenye kichwa kimoja upande huu na vichwa viwili upande ule, kama njia panda, tukaambiwa unatosha. Siku ya Pasaka tukauchomeka. Mara kioo cha ndani kikawaka na cha nje kikawa cheusi, mara vyote viwili vikazima. Kusanyiko liliimba ubeti wa kwanza, kisha likanyamaza. Tulirudi kwenye kioo kimoja, na akina mama wakabaki kama walivyokuwa.

Sasa elezo lenyewe. Kwenye zile waya za zamani za DVD, zenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, kugawa kwa njia panda kuliwezekana kwa shida: picha iligawanyika kama maji ya bomba, kila televisheni ikapata sehemu ya nguvu tu, na picha ikafifia. HDMI si maji, ni mazungumzo. Kompyuta ikichomekwa hupiga hodi kwanza. Televisheni hujibu karibu, na kueleza ni ukubwa gani wa picha inayoweza kupokea. Ukiweka televisheni mbili kwenye waya wa njia panda, zote mbili hujibu kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na kompyuta haielewi hata moja.

Kinachotakiwa ni spilita. Ni kisanduku kidogo, chembamba kuliko Biblia ya mfukoni, na kazi yake ni ile ya mkalimani anayesimama kando ya mhubiri. Husikiliza kompyuta peke yake, kisha huisemesha kila televisheni kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa kuwa anasema kwa nguvu zake, mkalimani huyu lazima ale: spilita ya kweli huwa na tundu la umeme, kwa kawaida la volti 5, na huja na adapta yake. Mkiuziwa kitu kisicho na mahali pa kuingiza umeme, ulizeni mara mbili kabla ya kutoa fedha.

Tazameni pia maandishi yake. Spilita ina IN moja na OUT mbili au nne. Huandikwa 1x2 au 1x4. Kuna kisanduku kingine kinachofanana nayo kama pacha, kiitwacho swichi, chenye IN nyingi na OUT moja. Hicho huchagua kati ya kompyuta mbili, hakigawi picha. Wauzaji huvichanganya, na si wote kwa nia mbaya. Sisi tulichukua ya nne ingawa tulihitaji mbili, kwa sababu mlango mmoja ukifa huwezi kufunga safari ya Mbarara kila mara.

Baada ya kununua, umbali ndio uliotusumbua zaidi. Tulipima kwa macho tukasema mita 10. Lakini waya haupiti hewani: unapanda nguzo, unafuata boriti, unashuka tena upande wa pili. Tulipopima kwa kamba ikawa mita 18. Waya wa kawaida wa HDMI hutegemewa mpaka mita 10 hivi, ule mzuri hufika 15. Ukizidi hapo picha huanza kumetameta vidoti au kukatika. Tungeweza kutumia vile visanduku viwili, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea, vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao wa Cat6. Vingi hufika mita 50. Ila navyo vinahitaji umeme na vina bei yake. Tulifanya jambo la bei rahisi kuliko yote: tulihamisha meza ya kompyuta kutoka mimbarini hadi ubavuni, katikati ya vioo viwili. Waya mmoja ukawa mita 10, wa pili mita 8. Kijana wa kompyuta alilalamika kwamba hamwoni mhubiri vizuri. Amezoea.

Jambo jingine ni ukubwa wa picha. Spilita nyingi hutoa picha ya namna moja kwa wote, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye anayeamua. Televisheni yetu ya zamani haipokei 1080, basi tuliweka kompyuta kwenye 1280 kwa 720 na zote mbili zikakubali. Na mfuate utaratibu wa kuwasha: televisheni kwanza, halafu spilita, kompyuta mwisho, ili hodi ipigwe wakati wenyeji wako nyumbani. Kioo kikionyesha mandhari tu bila maneno ya wimbo, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na P, mchague kunakili picha.

Wengine watauliza kwa nini hatukununua projekta moja kubwa tukaielekeza kote. Kwanza mwanga wa mchana unaopenya kwenye turubai huifuta picha yake. Pili ni betri. Sola yetu ina betri moja ya maji, volti 12, Ah 100, yaani wati-saa 1,200. Ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, wati-saa 600. Televisheni mbili za LED hula kama wati 100, kompyuta 50, spilita 5. Ukitoa na kinachopotea kwenye inveta, tunapata saa tatu na kidogo. Ukiweka projekta ya wati 250 mahali pa televisheni, ni kama saa moja na dakika 40. Mahubiri yetu mnayajua.

Adapta ya spilita msiiache kwenye jenereta inayoruka-ruka. Yetu iliungua mwezi wa pili, tukailisha spilita kwa power bank ya simu, kwa sababu zote mbili ziliandikwa 5V na kichwa kililingana. Kama kwenye spilita yenu imeandikwa 12V, msijaribu.

Kanisa lolote linalotaka kuona kabla ya kununua lije Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Njooni na televisheni yenu kama inabebeka kwa bodaboda, tuijaribu kwenye milango miwili iliyobaki, na mje na kamba mliyopimia njia ya waya.