SOMO KWA VIKUNDI: BOMBA LA GESI NA MFUKO WA MBOLEA



Katika mwaka 2022 makatibu wengi waliulizwa swali moja mlangoni pa ghala: kwa nini mfuko wa yurea umepanda bei kiasi hiki, hali shamba ni lilelile? Aghalabu jibu lilikuwa kwamba kuna vita Ulaya. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno kwa mwanachama anayetoa fedha yake. Somo hili lina nia ya kulirefusha.

Yurea haichimbwi ardhini. Hutengenezwa kiwandani, na katika nchi nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia, ingawa Wachina hutumia zaidi makaa ya mawe. Gesi hutoa haidrojeni, hewa hutoa naitrojeni, na viwili hivyo huunganishwa kwa joto na mgandamizo mkubwa hata vikawa amonia. Amonia nayo ndiyo mama wa yurea. Katika mfuko wa kilo 50, kilo 23 ni naitrojeni. Gharama kubwa kuliko zote katika kiwanda cha namna hiyo ni gesi yenyewe. Basi mkulima anunuaye yurea amenunua, kwa sehemu kubwa, gesi iliyogeuzwa kuwa chembe nyeupe.

Sasa tuitazame gesi kama bidhaa, kwa maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mafuta hutiwa melini na kupelekwa popote penye mnunuzi. Gesi haikai katika pipa. Ama isafirishwe kwa bomba, ama ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika, ujazo wake upungue mara 600 hivi, kisha ipakiwe katika meli maalumu na kurudishwa kuwa gesi kwenye bandari iliyojengewa mitambo ya kazi hiyo. Njia zote mbili hudai fedha nyingi kabla ya kuuza hata kidogo. Kwa sababu hiyo ilikuwa desturi mwuzaji na mnunuzi kufunga mkataba wa miaka 20 au zaidi, wenye sharti la kuchukua au kulipa: mnunuzi akishindwa kuchukua kiasi walichoagana, hulipa vilevile. Bei nayo ilifungamanishwa na bei ya mafuta. Mnunuzi alibeba hatari ya kiasi, mwuzaji akabeba hatari ya bei.

Kwa mikataba ya namna hiyo Muungano wa Sovieti ulianza kuiuzia Austria gesi mwaka 1968. Mwaka 1970 Ujerumani Magharibi ilikubali kutoa mabomba ya chuma kwa mkopo na kulipwa kwa gesi. Ilipofika miaka ya 1980 pande hizo zilitaka kujenga bomba la kilometa 4,500 hivi kutoka Urengoy, Siberia, na hapo Marekani ikaingilia kati. Rais Ronald Reagan alihofu kwamba Ulaya itatiwa kamba shingoni, na kwamba fedha za gesi zitawanufaisha Wasovieti. Katika Juni 1982 alipanua vikwazo hata juu ya viwanda vya Ulaya vilivyotumia ufundi wa Kimarekani. Serikali za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Italia zilikataa. Hata Margaret Thatcher, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Reagan, alisimama upande wa kiwanda cha Scotland kilichokwisha kupata kazi ya kutengeneza mitambo. Novemba mwaka huohuo vikwazo vikaondolewa, na mwaka 1984 gesi ikaanza kupita.

Je, Reagan alikosea? Kwa miaka mingi ilionekana hivyo, kwani gesi ilifika hata Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka 1991. Lakini kuvunjika huko kulizaa jambo jipya: bomba sasa lilipita katika nchi nyingine, Ukraini, yenye madai yake. Januari 2006, na tena Januari 2009, Urusi na Ukraini ziligombana juu ya bei na madeni. Safari ya pili nchi kadhaa za Ulaya zilikaa wiki mbili za baridi kali bila gesi hiyo. Urusi na Ujerumani zikaona dawa ni kumzunguka mtu wa kati. Bomba la Nord Stream, lililolazwa chini ya Bahari ya Baltiki, lilifunguliwa mwaka 2011, na la pili likafuata. Marekani ililiwekea la pili vikwazo mwaka 2019. Yafaa kukumbuka kwamba tangu Februari 2016 Marekani ilikuwa imeanza kupeleka nje kwa meli gesi yake inayotolewa katika miamba ya chini. Mwuzaji anayekuonya juu ya mwuzaji mwenzake asikilizwe, lakini na kapu lake litazamwe.

Urusi ilipoivamia Ukraini Februari 2022, karibu asilimia 45 ya gesi iliyoingizwa katika Umoja wa Ulaya ilikuwa ya Urusi. Urusi ilidai kulipwa kwa rubo. Poland na Bulgaria zilipokataa zilikatiwa mwezi Aprili. Kabla ya Septemba kwisha Nord Stream ilikuwa imenyamaza, kisha ikalipuliwa. Nayo mikataba mingi ya zamani ilikuwa imekwisha kubadilishwa ifuate bei ya soko la kila siku, kwa kuwa soko lilipokuwa rahisi wanunuzi walipenda hivyo. Agosti bei ikapita euro 300 kwa kipimo kilichokuwa kikiuzwa euro 20 hivi miaka ya nyuma.

Ulaya ilikuwa na fedha, ikanunua shehena za meli popote zilipo. Ujerumani ilifungua bandari yake ya kwanza ya gesi ya meli, Wilhelmshaven, Desemba 2022. Pakistani ilitangaza zabuni ikakosa mwuzaji, na watu wake wakakaa gizani kwa saa nyingi. Viwanda vya amonia vya Ulaya vilipunguza kazi au kufungwa. Bei ya yurea duniani, iliyokuwa wastani wa dola 230 kwa tani mwaka 2020, ilipita dola 900 Aprili 2022, na msimu wa 2022/23 Serikali yetu ikatoa ruzuku ya mbolea. Urusi nayo haikupona: gesi ya Siberia ya magharibi haina bomba la kwenda China, na shirika la Gazprom lilipata hasara mwaka 2023, mara ya kwanza tangu 1999. Marekani mwaka huohuo ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza gesi ya meli.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kutengeneza amonia na yurea Kilwa kwa gesi hiyo. Kiwanda hakikujengwa, na gesi ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004 ilikwenda zaidi katika umeme.

Maswali ya kujadiliwa kikundini:

Chama chenu huagiza mbolea mwezi gani, na kwa bei iliyofungwa au ya siku ya kupokea? Bei ikishuka baada ya kufunga, nani atabeba hasara, na je, Mkutano Mkuu uliliamua jambo hilo au aliachiwa Katibu?

Mnao wauzaji wangapi? Mkinunua kwa mmoja kwa sababu ni rahisi, akiba ya ghala lenu yatosha ekari ngapi siku atakapokosa?