Viashiria vya Mchochota katika Damu na Magonjwa ya Mapafu

Mgonjwa aliyekohoa kwa muda mrefu mara nyingi hufika kliniki na karatasi ya maabara yenye tarakimu moja iliyopigiwa mstari mwekundu. Huamini kwamba tarakimu hiyo ndiyo ugonjwa wake, na pengine mhudumu naye huamini vivyo hivyo. Ipo haja ya kueleza tarakimu hizo hutoka wapi na mipaka yake ni ipi.

Mchochota ni mwitikio wa mwili dhidi ya vijidudu, moshi, vumbi au jeraha. Ukitokea mapafuni, kuta za njia za hewa huvimba, makohozi huongezeka na pumzi hubana. Kwa kuwa pafu halifikiki kwa urahisi, dalili za mchochota hutafutwa katika damu.

Kiashiria kilichozoeleka zaidi ni protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Herufi C ni jina la kijenzi cha ukuta wa bakteria wa nimonia ambacho protini hiyo hushikamana nacho. Kwa kawaida kiwango chake huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Mchochota ukianza, hupanda ndani ya saa chache na kufikia kilele baada ya siku mbili hivi; chanzo kikitoweka, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 takriban. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa mapema mno chaweza kuwa cha chini ilhali nimonia imekwisha kuingia. Aidha, ini lililochakaa hushindwa kuitengeneza ipasavyo.

Kipimo cha kasi ya kushuka kwa chembe nyekundu ni cha zamani na cha bei nafuu, lakini hupanda na kushuka polepole, na upungufu wa damu, ujauzito na umri mkubwa hukibadilisha. Kwa kufuatilia nimonia siku kwa siku, hakifai.

Faida ya CRP imeonekana katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaowapata wavutaji wa tumbaku na pia kina mama waliopika kwa kuni miaka mingi katika majiko yasiyopitisha hewa. Ugonjwa huo ukizidi ghafla, desturi ni kutoa antibiotiki. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa madaktari walipopima CRP kabla ya kuandika dawa, wagonjwa waliotumia antibiotiki walipungua kutoka asilimia 77 hadi 57, bila hali zao kuwa mbaya zaidi. Chini ya miligramu 20, dawa hizo huelekea kutokuwa na faida. Zaidi ya 40, faida ni dhahiri zaidi. Katikati, rangi ya makohozi ndiyo husaidia kuamua. Kwa watu wanaoishi na VVU, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2021 CRP inayozidi miligramu 5 itumike kuchuja wanaostahili kupimwa kifua kikuu. Kuchuja si kuthibitisha: makohozi bado lazima yapimwe.

Kiashiria kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi Afrika Mashariki ni eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara akiwa na eosinofili 300 au zaidi kwa mikrolita huelekea kunufaika na steroidi ya kuvuta. Aliye chini ya 100 hanufaiki sana, naye huongezewa hatari ya nimonia. Viwango hivi vimetokana hasa na tafiti za nchi ambako minyoo ni michache. Hapa kwetu, eosinofili 600 za mkulima aliyelima pekupeku mpungani zaweza kuwa za kichocho au za minyoo ya strongiloidi, wala si za mapafu.

Kosa hapa hugharimu maisha. Strongiloidi huweza kukaa mwilini miongo mingi bila kelele. Mwenye nayo akipewa prednisoloni, minyoo huzaliana bila kizuizi, husambaa mapafuni na kwenye viungo vingine, na kubeba bakteria wa utumbo hadi katika damu. Kohozi huzidi, mhudumu huongeza steroidi, na hali huharibika. Kipimo kimoja cha choo kikikosa minyoo hakitoshi kuwaondoa katika shaka. Ni bora kurudia, na ivermektini hutolewa inapoonekana kuwa wapo.

Steroidi yenyewe hushusha eosinofili kwa haraka. Damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, na mgonjwa aulizwe kwa upole kama amekwisha kununua prednisoloni dukani. Anayepumua kwa shida, ambaye oksijeni yake imeshuka chini ya asilimia 90, hapaswi kusubiri majibu ya damu yoyote: aanzishiwe oksijeni kwanza.