Kabla Hujaipakia Kadi ya Grafiki Kwenye Basi la Arusha

Kompyuta ya mezani uliyoiunga mwenyewe ikigoma kutoa picha, lawama ya kwanza huiangukia kadi ya grafiki. Nimefungua mashine nyingi hapa Babati, zangu na za majirani, na naamini kadi kadhaa zinazopelekwa Arusha zingebaki nyumbani kama mwenye mashine angeanza na umeme na vumbi.

Anza na kisicho na gharama. Waya wa monita uwe umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye mazabodi. Badilisha waya, badilisha tundu. Kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, zima, chomoa umeme ukutani, toa kadi, chomeka monita kwenye mazabodi, washa. Picha ikija, mazabodi na RAM havina kesi. Isipokuja, kadi nayo usiihukumu bado.

Sasa umeme. Mashine inayofanya kazi vizuri hadi ufungue gemu kisha izimike ghafla, mimi huitazama pawa saplai kwanza. Tundu la mazabodi hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Radeon RX 580, ambayo vijana wengi huinunua mtumba, hula takribani wati 185. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Soma kibandiko, tafuta laini ya volti 12, zidisha ampea zake kwa 12. Ampea 18 ni wati 216, na prosesa nayo inataka chake humo humo. Azima pawa saplai nzuri ujaribu, lakini uiazime na waya zake: vichwa vya waya za kampuni mbili vinaweza kufanana huku mpangilio wa pini ukitofautiana, na hapo utaunguza kadi iliyokuwa nzima.

Vumbi letu la kiangazi linajulikana. Picha ikiwa safi mwanzoni halafu ikaanza kukwama au kuchora mistari kadiri mashine inavyopata moto, fuatilia joto kwa GPU-Z, programu ya bure. Safisha kwa brashi laini na blowa, ukiwa umezishika feni zisizunguke. Kadi ya miaka mingi ibadilishie pesti ya joto. Ile ya zamani ifute kwa spiriti.

Mistari au vidoti vya rangi vikitokea tangu mashine inapowaka, kabla hata Windows haijafika, usipoteze muda na draiva. Hapo mara nyingi ni memori ya kadi au chipu yenyewe. Lakini kama ulinunua kadi iliyowahi kuchimba sarafu za kidijitali, kagua kwanza: nyingi ziliingia sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, na baadhi BIOS zake zilibadilishwa. Kadi fulani zina swichi ndogo pembeni ya kuhamia BIOS ya pili. Zima mashine, isogeze, ujaribu tena.

Ushauri wa kuoka kadi kwenye oveni ukatae kabisa. Hutoa moshi wenye sumu, na kadi ikifufuka huwa ni kwa muda mfupi. Ikibidi kwenda kwa fundi, ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, na umwandikie ulichojaribu, ukitaja pawa saplai uliyotumia na joto ulilolisoma.