SOMO LA ATELIE: KUNYAMAZA KWA MASINI SI KUSIMAMA



Vijana wa darasa la 6 mekanike wanajitayarisha kwenda staji. Kati yao kuna watakaokuta huko masini ambayo sisi hapa hatuna: msumeno wa mkanda wa kukata chuma, tena ule wenye kujiendesha wenyewe. Wawili walikuja kuniuliza: «Mwalimu, kama masini inatumika yenyewe, sisi tutafanya nini?» Swali lao ni zuri, nalo limenifanya niandike somo hili. Nawajibu hivi: mtafanya kazi yote mbele masini haijaanza. Ikiisha kuanza, kazi yenu ni kukaa pembeni na kuangalia.

Msumeno wa mkono mnaujua. Ukichoka unasimama, na ukisimama wewe, nao umesimama. Msumeno wa mkanda una lamu, ni kusema ukanda mrefu wa chuma wenye meno upande mmoja, na ncha zake mbili zimeungwa kwa moto hata ukawa kitu kimoja kisicho na mwisho. Ukanda huo unazunguka juu ya magurudumu mawili makubwa. Wazo ni la zamani. Mwingereza William Newberry alilipatia cheti cha uvumbuzi mwanzoni mwa karne ya 19, lakini lamu za wakati ule zilikuwa zikikatika palepale pa kiungo. Mwaka 1846 mwanamke mmoja wa Ufaransa, Anne Paulin Crépin, alipata cheti juu ya namna ya kuunga lamu vizuri. Wasichana wa shule yetu wanaosema mekanike si kazi yao wasikie hayo.

Masini yenye kujiendesha ina eto mbili. Ya kwanza inakaa mahali pake karibu na lamu na inashika chuma wakati wa kukata. Ya pili inatembea. Inafunguka, inarudi nyuma, inashika bare ya chuma. Ndipo ile ya kwanza inafunguka, na ya pili inasukuma bare mbele kwa kipimo ulichoandika, tuseme mm 120. Ya kwanza inafunga tena, kichwa chenye lamu kinashuka, kinakata, kinapanda. Kisha mwanzo tena, mpaka hesabu ya vipande itimie, 40 au 200. Eto zinafungwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pompi. Nguvu hiyo haijui tofauti kati ya chuma na kidole.

Mbele ya kuwa mwalimu nilitumika katika atelie moja ambayo sitaitaja jina. Mwenzangu mmoja, mtu mwenye akili, asiyekunywa pombe, aliona kipande kifupi kimelala kati ya lamu na eto. Kichwa kilikuwa juu. Hakukuwa na kelele isipokuwa pompi kunguruma polepole. Akaingiza mkono kukiondoa. Kumbe masini ilikuwa inangoja tu zamu ya eto, sekunde mbili, tatu. Eto ikafunga. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume, na lamu haikumgusa hata kidogo. Watu wote waliofika mbio walikuwa wakiangalia lamu. Yeye alisema neno moja tu: «Nilidhani imesimama.»

Ndiyo maana nataka mjue kwamba masini hii inanyamaza kwa namna tatu. Inaweza kuwa inangoja zamu yake. Inaweza kuwa imemaliza hesabu, au imeona bare imekwisha, nayo itaanza tena mtu akigusa butoni. Inaweza kuwa imezimwa kabisa. Kwa macho zote tatu ni sawasawa. Mkono unaingia katika ile ya tatu peke yake: swichi kubwa ya ukutani au ya sanduku la umeme imekatwa, imefungwa kwa kadena, na ufunguo uko ndani ya mfuko wa salopeti yako wewe, si wa mwenzako, wala haukutundikwa msumarini. Na hata hapo, angalia kichwa. Kama kimebaki juu kinaweza kushuka polepole mafuta yakipungua nguvu. Kishushe mpaka chini, au weka gogo la mti gumu chini yake.

Tena magurudumu yana vifuniko, na vifuniko vina swichi ndogo: mtu akifungua, masini inasimama. Mtakuta mafundi wengine wameifunga ile swichi kwa waya, ili wasipoteze wakati. Someni Kumbukumbu la Torati 22:8, pale mjenzi anapoamriwa kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari la nyumba mpya kwa ajili ya watakaopanda. Fundi wa waya ameubomoa ule ukuta. Mkiona hivyo, msianze masini. Mwambieni mkubwa wa atelie kwa heshima, na mkataliwa, ombeni kazi nyingine siku hiyo.

Sasa kuchagua lamu, na hapa nataka mkae na kalamu. Lamu zinahesabiwa kwa meno katika inchi moja, na inchi ni mm 25,4. Lamu ya meno 10 ina jino karibu kila mm 2,5. Ukikata chuma cha mviringo kilichojaa, chenye upana wa mm 20, meno 8 yako ndani ya chuma pamoja, wanasaidiana kazi. Ukiweka lamu ya meno 2, jino moja ni kila mm 12,7: ni jino moja au mawili tu ndani, na jino linaanguka katika ukingo wa chuma sawa mguu unavyoanguka shimoni, linavunjika. Likivunjika moja, la nyuma yake linapata pigo mara mbili, na baada ya dakika chache hamna lamu. Kwa hiyo meno yasipungue 3 ndani ya chuma. Lakini kuzidisha nako ni kosa. Chuma cha mm 150 kwa lamu ile ya meno 10 kinaingiza meno karibu 60. Nafasi kati ya meno zinajaa maganda, lamu haiumi tena, inapinda, na kipande kinatoka upande. Kwa tiyo, hesabu unene wa ukuta wake, si upana wa tiyo yote. Wengi wanakosea hapo.

Lamu mpya inakuja imekunjwa mara tatu, nayo ni kama mtego: ukikata kamba yake inaruka na kufunguka. Vaa glavu za ngozi na miwani, watu wengine waondoke, fungua polepole mbali na uso. Ukiisha kuivalisha katika magurudumu, vua glavu. Ndiyo, vua! Glavu ni za kushika lamu iliyolala. Karibu na lamu inayokimbia, jino likishika uzi mmoja wa glavu linavuta mkono wote. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, krava na saa. Miwani peke yake haitoki usoni tangu asubuhi hata jioni.

Meno yaangalie upande ambao lamu inakwenda; mshale uko juu ya kifuniko. Kama yameangalia kinyume, ivue uigeuze ndani iwe nje. Kaza lamu kwa kipimo cha masini, si kwa kubahatisha na kidole. Viongozi viwili, vile vinavyoshika lamu pande mbili za mkato, vilete karibu na chuma kadiri inavyowezekana pasipo kukigusa, kwa maana lamu isiyoshikwa karibu inatangatanga.

Kisha mbio ya lamu. Gurudumu la mm 450 likizunguka mara 50 kwa dakika, lamu inakimbia 0,45 × 3,14 × 50, ndiyo karibu mita 70 kwa dakika. Hiyo inafaa kwa chuma laini cha kawaida, lamu zetu za leo zenye meno ya chuma kigumu zikinyweshwa maji ya mafuta. Kwa inoksi shusha mpaka mita 30 au 40. Mwanafunzi mwenye haraka anaongeza mbio akidhani anaongeza kazi. Anachoma meno tu.

Bare ya kawaida ina mita 6. Ile ya mviringo ya mm 80 ina uzito wa kilo karibu 237, basi hakuna kijana wa kuibeba mgongoni ili aonyeshe nguvu. Tumieni palanka na magurudumu ya kuitegemeza, yawe sawa kwa urefu na meza ya masini. Na kumbukeni kwamba nyuma huko eto ya pili inatembea, na bare nzima inasogea nayo. Asisimame mtu kati ya bare na ukuta.

Maji ya kukatia ni maji pamoja na mafuta yake, mara nyingi sehemu 5 hata 10 kwa 100. Mimina mafuta ndani ya maji, usimimine maji ndani ya mafuta, hayatachanganyika vizuri. Fonti inakatwa kavu. Msinawe mikono kwa maji hayo, ngozi inaugua. Na maganda yanaondolewa kwa burushi masini ikiwa imezimwa.

Lamu ikiwa mpya, mbio yake iwe ya kawaida, lakini mwendo wa kushuka uwe nusu kwa dakika 15 hivi za kwanza, ili ncha za meno zisivunjike. Na kama lamu ya zamani ilikatikia katikati ya chuma, usiingize lamu mpya katika mfereji ule ule. Meno mapya yametanuka kupita yale yaliyolika, yatabanwa. Geuza bare, uanze mahali pengine.

Kata kipande kimoja kwanza kwa kuongoza mwenyewe, zima, kipime. Kikiwa sawa, hapo tu uweke masini ijiendeshe. Baadaye maganda yatakuambia habari. Yakijikunja vizuri, yenye rangi ya chuma, mambo ni sawa. Yakiwa unga, lamu inasugua tu, ongeza kidogo mwendo wa kushuka. Yakiwa ya bluu, punguza mara moja. Usiiache masini ukaenda kupiga mazungumzo nje kwa sababu eti inajiendesha.

Na sasa jambo la kwetu. Vitabu vya watengenezaji vinaandikwa mahali ambapo umeme haukatiki kila wiki. Huku kwetu utakatika, nayo lamu iko katikati ya chuma. Atelie inanyamaza, watu wanaanza kucheka na kuongea, na mmoja anaona nafasi nzuri ya kuondoa vipande. Huo ndio unyamavu wa hatari kupita yote! Masini iliyotengenezwa vizuri haianzi yenyewe umeme ukirudi, inangoja butoni. Lakini masini iliyozeeka, iliyotengenezwa na mikono mingi, nani atakuhakikishia? Basi umeme ukikatika, piga butoni nyekundu, kisha kata swichi kubwa na kadena, kama vile umeme upo. Ukirudi, inua kichwa kwanza ili lamu itoke katika mfereji, iangalie, ndipo uanze tena. Usiwashe lamu ikiwa imebanwa ndani ya chuma.

Tena, kama wamewasha grupu, au fundi wa umeme amegusa nyaya tatu za moteri, jaribu masini pasipo chuma. Nyaya mbili zikibadilishana, moteri inazunguka kinyume: lamu inarudi nyuma, na pompi ya mafuta haivuti. Niliona watu wakifungua pompi nzima siku mbili, wakitafuta ugonjwa ambao ulikuwa katika nyaya.

Jioni, legeza lamu kidogo kama masini italala muda mrefu, fagia, toa kipande kilichobaki katika eto. Kipande kifupi sana ambacho eto haishiki kwa midomo yake yote kisikatwe, kitaruka.

Maswali kwa darasa la 5 na la 6. La kwanza: bare ya mviringo iliyojaa ya mm 30, lamu ya meno 6 kwa inchi, ni meno mangapi yamo ndani pamoja, na je, yanatosha? La pili: magurudumu yana mm 400, nataka mita 35 kwa dakika kwa ajili ya inoksi, yazunguke mara ngapi? La tatu ni la kuandika, nusu ukurasa: wewe ni wa kwanza kufika asubuhi, masini imenyamaza, kichwa kiko juu, kipande kimoja kimelala ndani ya eto, na hakuna anayejua nani aliyeiacha hivyo. Eleza utakavyofanya, hatua kwa hatua. Majibu yaletwe kwangu katika atelie kabla ya Jumamosi saa sita.